Kompyuta ya kwanza ilikuwa mtu

Mwanafunzi akiandika katika mtihani wa Kiswahili kwamba "kompyuta huyu amechoka", atakatwa alama, na ndivyo inavyostahili. Kwetu kompyuta imo katika ngeli ya I-ZI, pamoja na saa, redio na baiskeli. Lakini mwaka 1943, mjini Philadelphia, Marekani, sentensi hiyo ingekuwa sahihi kabisa. Jeshi la Marekani lilikuwa limeajiri wanawake vijana waliosoma hisabati, likawaweka katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, likawapa penseli, karatasi na mashine za mezani za kujumlishia. Cheo chao cha kazi kilikuwa hicho hicho: kompyuta. Na walikuwa wakichoka.

Kazi yao ilikuwa kukokotoa njia ya kombora tangu linapotoka kwenye mdomo wa mzinga hadi linapotua. Upepo, joto la hewa, uzito wa kombora na pembe ya mzinga, kila kimoja kilibadilisha jibu. Njia moja tu ilimchukua mtu mmoja zaidi ya saa 30, na kila aina ya mzinga ilihitaji jedwali lenye njia nyingi za namna hiyo ndipo askari aliye vitani aweze kulenga. Vita vilikwenda mbio, penseli ikabaki nyuma.

Ninaanza na wanawake hao kwa sababu naamini sisi tunalianza somo la kompyuta mahali pasipo pake, na wanaoumia ni watoto wetu.

Nilipokuwa kidato cha kwanza, mwalimu wetu alichora ubaoni sanduku, kioo, kibodi na kipanya. Tukanakili. Aliyekuwa na penseli za rangi akapaka rangi. Kwenye mtihani tukaambiwa tutaje sehemu nne za kompyuta. Nikazitaja zote, nikapata alama kamili, nami sikuwa nimewahi kuigusa kompyuta hata siku moja. Simlaumu mwalimu yule, maana shule haikuwa nayo. Kila mwaka tuliambiwa mashine ziko njiani, na kila mwaka tulizisubiri. Leo, miaka mingi baadaye, bado nakutana na wazazi na walimu wanaoamini kwamba shule isiyo na kompyuta haiwezi kufundisha kompyuta.

Historia ya chombo hiki inawakatalia. Kwa sehemu kubwa ya historia hiyo, mashine haikuwepo. Kilichokuwepo ni maarifa ya kuigawa kazi ngumu katika hatua ndogo zilizo wazi, kiasi kwamba anayezitekeleza hahitaji kuielewa kazi nzima.

Tazama Ufaransa ya miaka ya 1790, baada ya Mapinduzi. Mhandisi Gaspard de Prony alikabidhiwa kazi ya kutengeneza majedwali makubwa ya logi. Wanahisabati waliokuwapo wasingeimaliza hata wangekesha miaka. Akaigawa kazi katika ngazi tatu. Juu kabisa aliweka wanahisabati wachache wa kuchagua kanuni. Katikati waliketi wengine wachache, wakazigeuza kanuni hizo kuwa maelekezo na karatasi zenye safu zilizokwisha kupangwa. Chini walikuwa watu 60 hadi 80, ambao walitakiwa kujua mambo mawili tu: kujumlisha na kutoa. Inasimuliwa kwamba baadhi yao walikuwa wasusi wa nywele waliokosa kazi, kwa kuwa mabwana na mabibi waliokuwa wateja wao waliondoshwa na Mapinduzi. Tazama ilivyokuwa: walikuwapo wenye kanuni, walikuwapo waandishi wa maelekezo, walikuwapo watekelezaji. Chumba kile kilikuwa kompyuta nzima, na hakikuwa na waya hata mmoja.

Wala maarifa hayo hayakuzaliwa Paris. Utaratibu wa hatua kwa hatua wa kufikia jibu wataalamu wanauita algorithimu, na neno hilo linatokana na jina la Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi, mwanachuoni aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9. Yeye ndiye aliyeandika kitabu kilichoipa aljebra jina lake, na kingine cha kueleza namna ya kukokotoa kwa tarakimu za Kihindi. Kitabu hicho cha pili kilipofasiriwa kwa Kilatini, jina la mwandishi likaandikwa Algoritmi, na kadiri miaka ilivyopita jina la mtu likageuka kuwa jina la utaratibu. Sisi wa Kiswahili hatuna haja ya kwenda mbali kuutafuta urithi huo. Hesabu, tarakimu na sifuri ni maneno tuliyoyapokea kutoka Kiarabu, yakakaa vinywani mwa wafanyabiashara na makarani wa pwani yetu muda mrefu kabla ya umeme. Hata Wazungu neno lao la sifuri walilitoa katika Kiarabu hicho hicho. Tunapoambiwa kwamba hesabu za kompyuta ni jambo geni kwetu, ulimi wetu wenyewe unashuhudia vingine.

Mwingereza Charles Babbage aliyajua majedwali ya de Prony. Aliyajua pia makosa ya kompyuta watu. Mwaka 1821 yeye na rafiki yake John Herschel walikaa kulinganisha majedwali ya elimu ya nyota yaliyokokotolewa kwa mkono, wakakuta kosa juu ya kosa. Mabaharia walitegemea majedwali ya namna hiyo kujua walipo, na tarakimu moja iliyokosewa iliweza kupeleka meli mwambani. Babbage akataka kazi ya wale watu wa ngazi ya chini ifanywe na magurudumu ya meno. Serikali ya Uingereza ikaanza kumpa fedha mwaka 1823. Zaidi ya pauni 17,000 zikateketea, na mwaka 1842 serikali ikajitoa rasmi kabla mashine haijakamilika.

Kufikia hapo Babbage alikuwa na wazo kubwa zaidi, mashine aliyoanza kuibuni mwaka 1834. Sehemu ya kukokotolea aliipa jina la mahali pa kusagia nafaka, na sehemu ya kutunzia namba akaipa jina la mahali pa kuwekea akiba. Kwa Kiswahili, kinu na ghala. Sijapata kusikia maelezo mepesi ya kompyuta kuliko hayo. Namba inatolewa ghalani, inatwangwa kinuni, inarudishwa ghalani. Nani anasema itolewe namba ipi na itwangwe vipi? Kadi zilizotobolewa matundu, ambazo Babbage aliziiga kutoka mashine ya Mfaransa Joseph Marie Jacquard ya kufumia vitambaa vya nakshi. Mambo matatu basi: kinu, ghala na maelekezo. Simu iliyo mkononi mwako inayo yote matatu, na bibi aliyetwanga mpunga maisha yake yote anaweza kuelezwa simu hiyo inavyofanya kazi akaelewa.

Aliyeielewa mashine hiyo vizuri kuliko wengi alikuwa Ada Lovelace, binti wa mshairi Byron. Mwaka 1843 alichapisha tafsiri ya Kiingereza ya makala ya Mwitaliano Luigi Menabrea kuhusu mashine ya Babbage, akaongeza maelezo yake mwenyewe yaliyokuwa marefu kuliko makala. Katika maelezo ya mwisho alipanga katika jedwali, hatua baada ya hatua, jinsi mashine ingekokotoa mfululizo wa namba za kihisabati uitwao namba za Bernoulli. Ilikuwa programu iliyoandikwa kwa ajili ya mashine isiyokuwepo, na ambayo haikujengwa kamwe. Ada alitambua kwamba mashine inaweza kurudia fungu moja la hatua mara nyingi inavyotakiwa. Alitambua kwamba haikufungwa na namba peke yake, kwamba hata sauti za muziki, uhusiano wake ukielezwa kwa kanuni, zingeweza kupita kinuni. Na aliandika kwamba mashine haibuni jambo la kwake. Inatenda yale ambayo sisi tunajua kuiagiza. Siku hizi watu wanapoiuliza simu kila kitu na kuliamini kila jibu, ukumbusho huo wa miaka 180 iliyopita ungefaa kubandikwa kwenye kila darasa.

Anayeona kwamba masharti na marudio ni mambo ya wataalamu, na aende kwenye baraza lolote la bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Mchezaji anatakata, anaangusha kete moja moja, shimo baada ya shimo. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, anaziokota na kuendelea. Ikiangukia shimo tupu, amelala. Hapo pana sharti, pana marudio, pana mahali pa kusimama, na viungo vya programu yoyote ya kompyuta ni hivyo hivyo. Mzee aliyeketi chini ya mwembe anatekeleza algorithimu kichwani, hatua nyingi mbele ya mkono wake. Ni nani amewahi kumwambia mjukuu wake kwamba huo ni mlango wa kuingilia elimu ya kompyuta?

Mwaka 1936 Mwingereza Alan Turing, akiwa na umri wa miaka 24, alijiuliza swali linaloonekana jepesi: mtu anayekokotoa kwa penseli na karatasi, hasa anafanya nini? Akajibu kwamba anaangalia alama iliyo mbele yake, anakumbuka amefika hatua gani, anaandika au anafuta, kisha anasogea kushoto au kulia. Basi. Juu ya msingi huo akaonyesha kwamba mashine moja, ikipewa maelekezo ya mashine nyingine yoyote, inaweza kufanya kazi ya hiyo nyingine. Ndiyo sababu simu moja leo ni redio, ni kamera, ni daftari, ni mahali pa kutuma na kupokea fedha. Akathibitisha vilevile kwamba yako maswali ambayo hakuna mashine itakayoweza kuyajibu. Yote hayo yalifikiriwa kabla kompyuta ya kielektroniki haijaunguruma popote duniani.

Kiungo kimoja kilibaki: namba itakaaje ndani ya umeme? Mwanahisabati George Boole alikuwa ameonyesha mwaka 1854 kwamba hoja za kweli na si kweli zinaweza kushughulikiwa kama hesabu. Mwaka 1937 Mmarekani Claude Shannon, akiandika tasnifu yake ya shahada ya uzamili, akaonyesha kwamba hesabu hiyo ya Boole inaweza kutekelezwa na swichi. Swichi imewashwa au imezimwa, moja au sifuri, na hakuna hali ya tatu.

Hili nalo halihitaji maabara. Waite watoto watano mbele ya darasa, kila mmoja na karatasi yake: 16, 8, 4, 2 na 1. Aliyesimama amewashwa, aliyechuchumaa amezimwa. Waambie watengeneze 13. Watabishana kidogo, kisha mwenye 8, mwenye 4 na mwenye 1 watasimama. Waambie watengeneze 19, watasimama wenye 16, 2 na 1. Waambie wahesabu kuanzia sifuri hadi 31, na darasa zima litaona namba zikipanda na kushuka kama mawimbi. Watoto watano wanatosha kutengeneza mipangilio 32 tofauti. Wakiwa wanane inafika 256. Kila herufi unayotuma kwa simu imesafiri kwa mtindo huo wa kusimama na kuchuchumaa.

Turudi sasa Philadelphia. Mwanafizikia John Mauchly na mhandisi Presper Eckert walijenga hapo mashine iliyoitwa ENIAC, iliyotangazwa kwa ulimwengu Februari 1946. Ilikuwa na uzito wa tani 30 hivi, ikajaza chumba kizima, na ndani yake mlikuwa na vali karibu 18,000 za aina ile iliyokuwa kwenye redio za zamani. Ilijumlisha mara 5,000 kwa sekunde. Njia ya kombora iliyomchosha mtu saa 30 ilipatikana upesi kuliko kombora lenyewe linavyoruka.

Nani aliiagiza? Kati ya zile kompyuta za ngeli ya A-WA walichaguliwa wanawake sita: Kay McNulty, Betty Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Fran Bilas na Ruth Lichterman. Hapakuwa na kitabu cha mafunzo. Mwanzoni hawakuruhusiwa hata kuingia chumbani ilimokuwa mashine, kwa kuwa ilikuwa siri ya jeshi, wakapewa michoro ya nyaya. Wakaisoma michoro hiyo mpaka wakaijua mashine kwa ndani kabla ya kuiona kwa macho. Hawakupata shida kuligawa tatizo katika hatua ndogo, maana hatua hizo walikuwa wamezipita kwa penseli mara zisizohesabika. Wao walikuwa kompyuta tayari. Walichokifanya ni kuihamishia mashine kazi waliyokwisha kuijua.

Siku mashine ilipoonyeshwa kwa wageni, programu iliyowashangaza watu ilikuwa kazi ya mikono yao. Usiku ikaandaliwa karamu ya kusherehekea, nao hawakualikwa. Picha zao zikabaki bila majina. Katika miaka ya 1980, mwanafunzi mmoja Mmarekani, Kathy Kleiman, alipouliza wanawake waliomo kwenye picha hizo ni nani, aliambiwa ni warembo waliowekwa kupamba mashine. Hakuridhika, akawatafuta. Mwaka 1997, zaidi ya nusu karne baada ya kazi yao, ndipo wote sita walipotunukiwa heshima rasmi, na mmoja wao alikuwa ameshaaga dunia. Dhuluma hiyo ina mzizi mmoja na kosa letu la darasani: macho yaliona chuma, hayakuona akili iliyokuwa ikikiongoza chuma.

Miaka miwili baada ya ENIAC kutangazwa, tarehe 21 Juni 1948, katika Chuo Kikuu cha Manchester nchini Uingereza, mashine ndogo iliyopewa jina la utani la Baby ilitekeleza programu iliyotunzwa katika kumbukumbu yake yenyewe. Ghala sasa lilibeba namba pamoja na maelekezo, na kompyuta zote tunazozitumia leo zinafuata njia hiyo. Kumbukumbu yake ilikuwa na mistari 32 tu, idadi ile ile ya mashimo ya bao. Programu ya kwanza ilikuwa na maagizo 17. Ni machache kiasi cha kuenea kwenye ukurasa mmoja wa daftari la mtoto.

Tanzania nayo ina la kujifunza katika historia yake. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Wengine wanauhukumu uamuzi huo kwa ukali, wengine wanautetea kwa hali ya fedha za kigeni ya siku zile. Ninachokiona mimi ni kwamba mashine zilitutangulia. Zilifika nchini wakati Watanzania waliojua kuziagiza wakihesabika kwa vidole, na chombo ambacho hujui kukiagiza hakikosi kukutia hasara au hofu. Leo mashine zimejaa mifukoni, marufuku imebaki historia, lakini wanaojua kuziagiza bado ni wachache kuliko wanaojua kuzibonyeza.

Najua nitaambiwa kwamba mtoto hawezi kujifunza kuogelea mchangani. Ni kweli. Mashine lazima zije, umeme lazima ufike, na serikali zetu zisipumzike mpaka kila shule ya kijijini ipate haki hiyo. Sijaandika haya ili kuwapa viongozi kisingizio. Nasema tu kwamba siku mashine itakapofika, ikute watoto wanaojua kuligawa tatizo katika hatua, kuandika maelekezo yasiyo na utata na kutafuta kosa lilipojificha. Wasipoyajua hayo, mashine itageuka kuwa televisheni ya gharama kubwa, nao watabaki watazamaji.

Na yafundishwe kwa lugha wanayoota nayo. Tanzania inasomesha msingi kwa Kiswahili kisha inageukia Kiingereza sekondari, na mara nyingi somo la kompyuta linasubiri mgeuko huo, kana kwamba sifuri na moja zina kabila. Kay McNulty alizaliwa Donegal, Ireland, akafika Marekani akiwa mtoto wa miaka 3 anayezungumza Kiairishi tu. Lugha yake ya kwanza haikumzuia kuiongoza ENIAC. Sisi tuna kinu, ghala, sharti, marudio na maelekezo. Wenzetu wa Kenya wana hata tarakilishi, neno lililojengwa juu ya tarakimu. Msamiati wa kuanzia tunao wa kutosha. Kiingereza kitakuja kwa wakati wake, nacho kitamkuta mtoto ameshaelewa.

Mwalimu mwenzangu, ikiwa shule yako bado inasubiri kompyuta, usisubiri nayo. Jumatatu chukua karatasi tano, ziandike 16, 8, 4, 2 na 1, uwaite watoto watano mbele ya darasa. Wiki inayofuata leta bao, mwambie mmoja aandike sheria zake kwa hatua ambazo mwingine asiyelijua anaweza kuzifuata bila kuuliza swali. Akikosea, warudie pamoja kutafuta kosa liko hatua ipi. Mzazi, ukisikia mwanao ametoka darasani anazungumzia kinu na ghala, usidhani amepoteza siku. Ameanza pale walipoanzia wanawake sita wa Philadelphia, kwa akili yake na karatasi.